Dawa ya Saa Nne Asubuhi

Wageni walipoanza kumiminika nyumbani kwetu Ujiji kuja kumjulia hali mama, nilichukua daftari, nikapiga mistari kwa rula na kuwapangia zamu. Wanawake wa sokoni asubuhi, majirani na watu wa msikitini baada ya adhuhuri, ndugu wa mbali siku watakapofika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya ishirini, na kitu kisicho na ratiba kinanitia kichefuchefu. Mama mwenyewe aliniita "mwalimu" tangu siku nilipopata ajira, kwanza kwa kujivunia, baadaye kwa kunitania, na mwisho kwa kuniogopa. Hilo la mwisho nililijua nimechelewa, na ndilo linalonifanya niandike.

Mama alikuwa mtu wa Kagunga, kijiji cha kule juu karibu na mpaka wa Burundi, akaolewa Ujiji akiwa bado binti mbichi. Aliuza mawese sokoni mpaka miguu ilipomkatalia. Nyumba yake ilikuwa ya wageni. Aliyepita mlangoni alikaribishwa, na aliyekaa alikula, hata kama ni ugali wa muhogo na dagaa waliobaki mchana. Utotoni nimelala chini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa sababu kitanda changu kimepewa mtu aliyeshuka kwenye boti asubuhi ile, ambaye hata jina lake hatulijui. Nikinuna, mama huniambia, "Akiondoka utalala kitandani, kwani kitanda kinakwenda wapi?" Kisha anacheka, na mimi naendelea kununa.

Saratani ilimwanzia kwenye titi. Alificha kwa muda mrefu, na aliposema ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo na ya paja. Tulimpeleka hospitali kubwa ya mbali, tukakaa huko wiki kadhaa, tukarudi. Daktari alinikalisha kwenye benchi akanieleza kwa upole kwamba ugonjwa hautaondoka, lakini maumivu yanaweza kuondolewa. Alisema kuna huduma ya namna hiyo, inaitwa tiba shufaa, na nyumbani Kigoma tutampata nesi anayeifanya. Katika maneno hayo yote mimi nilishika moja tu, kwamba hautaondoka.

Nesi alikuja siku ya tatu tangu turudi, kwa pikipiki, na helmeti akaitundika kwenye msumari wa barazani kama mtu aliyezoea pale. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alileta morfini ya maji ndani ya chupa ya plastiki, na bomba la kupimia lisilo na sindano. Akaniandikia saa kwenye karatasi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa apate kulala mpaka alfajiri.

"Usisubiri aumwe ndipo umpe," aliniambia. "Saa ikifika unampa, awe anaumwa au haumwi. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana. Usiogope. Mwili ukizoea, usingizi unaondoka na dawa inabaki kufanya kazi yake."

Kisha akamshika mama mkono na kumfundisha jinsi ya kusema maumivu kwa vidole. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vitano, maumivu yasiyovumilika. Mama aliutazama mkono wake kwa muda, akanitupia mimi macho, ndipo akainua vidole vinne.

Karatasi ile niliibandika ukutani juu ya kabati, imenyooka, kila pembe na gundi yake. Ungeingia chumbani ungesema hapa kuna mtu anayejali. Siku ya kwanza nilifuata kila saa. Mama akalala. Alilala mdomo wazi, mtu ambaye hata usingizini alikuwa na heshima zake, na uso ukalegea kama kitambaa kilicholoweshwa. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, nikakaa pembeni nikimtazama, nikijiambia kwamba nesi alisema, nesi alisema.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, wakaja wanawake wa sokoni. Walikuwa wanne, wenzake wa mawese wa miaka mingi, wamevaa kanga safi na kila mmoja ana kifurushi chake. Niliwaingiza sebuleni ambako tulikuwa tumemtandikia mama godoro juu ya mkeka ili awe karibu na watu. Mama hakuamka. Nilimgusa bega, nikamwita, akafungua macho kidogo, akasema neno ambalo hakuna aliyelielewa, akarudi kulala. Wale wanawake wakatazamana.

"Amekwisha huyu," mmoja akanong'ona, kwa mnong'ono ule unaosikika mpaka uani.

"Ni hiyo dawa," akasema mwingine. "Wanawalaza watu, wanawalaza mpaka wanakwenda nao. Mwalimu, wewe umesoma, unakubalije?"

Nilisikia uso unaniwaka. Sikuwa na hofu, ningependa kusema ilikuwa hofu. Ilikuwa aibu. Nyumba ya mama yangu imeingia wageni, na mwenye nyumba amelala mdomo wazi mbele yao, na mimi niliyesoma ndiye niliyemlaza. Wakanywa chai wakaondoka, wakisema wataomba dua. Nikasimama mlangoni nikiwatazama wakienda zao na kujua kabisa watakachokisema watakapofika sokoni.

Kesho yake, ilipofika saa nne asubuhi, nilivuta dawa kwenye bomba, nikaitazama, nikairudisha ndani ya chupa.

Nilijiambia ni mara moja tu, kwa sababu imamu wa mtaa na mkewe walikuwa waje. Nilimwosha mama uso, nikampaka mafuta, nikamfunga kilemba kipya na kumwegemeza kwenye mito mitatu. Alikuwa macho kabisa. Akawapokea, akauliza watoto wao mmoja mmoja, akaniagiza niwaletee maandazi. Mke wa imamu akasema, "Mashaallah, kumbe hajambo! Watu wana maneno." Nami nikajibu, "Anaendelea vizuri, tunashukuru," kwa sauti ya mwalimu ambaye shule yake imeongoza wilaya.

Ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea. Dawa ya saa nne niliifuta. Wiki ya pili, wageni wa mchana walipozidi, nikafuta na ya saa nane. Mama akabaki na ya alfajiri, ya jioni na ya usiku. Karatasi ya nesi ilikuwa ukutani palepale, imenyooka.

Watu wetu wana desturi ambayo wengine wanayo pia, ila sisi tunaishika sana. Mtu akijulikana kuwa anaumwa ugonjwa usio na kurudi, waliokosana naye huja kuombana radhi. Huja hata kwa jambo dogo ambalo mgonjwa amekwisha kulisahau. Mtu anakaa karibu na godoro, anasema, "Mama, kama kuna siku nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe," na mgonjwa anajibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Sasa jambo hilo linataka mgonjwa awe na akili zake. Aliyelala hawezi kusamehe. Hoja yangu ilikuwa hiyo, na niliishikilia kwa mikono miwili: nikimlaza mama, watu watabaki na deni lao. Nilimwona kama duka, siwezi kulifunga wakati wateja wamepanga mstari.

Na walikuja kweli. Alikuja jirani aliyegombana naye kwa ajili ya maji ya mvua yaliyopita kiambazani. Alikuja mzee mmoja aliyewahi kumposa akamkataa, akaomba radhi kwa maneno aliyoyasema mwaka ule, na mama akacheka mpaka akashika ubavu. Baada ya kucheka alifumba macho ghafla, midomo ikapauka. Mimi nikasema kwa wageni, "Amechoka kidogo." Sikusema anaumwa. Hata moyoni sikulisema neno hilo.

Siku za mwanzo mama alikuwa akiuliza. "Mwalimu, saa ya dawa bado?"

"Bado kidogo, mama. Kuna wageni wanakuja."

"Haya."

Baada ya siku kadhaa akaacha kuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilijiambia maumivu yamepungua. Mtoto darasani akiacha kunyoosha kidole sijawahi kudhani kwamba ameelewa somo. Najua kabisa amekata tamaa nami. Miaka yote hiyo najua, na kwa mama yangu nikajifanya sijui.

Kuna kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu na bado nikakipita. Ijumaa moja niliutoa mkeka wa chini ya godoro niukung'ute uani. Upande mmoja, ule wa mkono wake wa kulia, ukindu ulikuwa umechomolewa mwingi, kipande kirefu kama dhiraa nzima, na pindo lote limefumuka. Wageni wakiwa wamekaa wanamzungumzisha, yeye mkono wake chini ya shuka ulikuwa unachomoa ukindu mmoja mmoja. Nilisimama na mkeka ule juani. Nikasema moyoni, panya hawa. Nikaugeuza, upande mzima ukaja kuliani kwake, nikamtandikia tena.

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Alikuwa akipiga simu ya video kila Jumapili baada ya adhuhuri, na kila Jumapili alimkuta mama amekaa, kilemba kichwani, anamuuliza wajukuu. "Dada, unafanya kazi kubwa," aliniambia. "Mama anaongea vizuri kuliko mimi." Nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda mno. Watu walikuwa wakija kumtazama mgonjwa na wakiondoka wakinisifu mimi, na sijui kama kuna ulevi unaoupita huo.

Nesi alikuja kila Jumatano. "Anatumia kama nilivyoelekeza?"

"Ndiyo."

"Mama, leo vidole vingapi?"

Mama ananitazama kwanza. Halafu anainua viwili. Nesi anaandika viwili, ananiuliza kama anapata choo, ananikumbusha mapapai na maji mengi, anaondoka. Siku moja aliitazama chupa dhidi ya mwanga wa dirisha akasema, "Mbona bado imejaa hivi?" Nikamjibu kwamba ile ya mwanzo ilikuwa na ziada. Jibu lisilo na kichwa wala miguu. Alinitazama kidogo, akairudisha kabatini, na nikamchukia kwa dakika tano nzima.

Nisiseme hapa kwamba sikuwa na sababu. Nilikuwa nayo, na ilikuwa na nguvu machoni pangu: kila nilipojaribu kumpa ya mchana, siku ambayo hatukutarajia mtu, mama alilala. Basi si unaona, nikajiambia. Dawa ndiyo inayomlaza. Nilikuwa na ushahidi.

Wiki ya tano ikaja habari ya mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, mtu na ndugu yake, amebaki Kagunga. Walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi. Bibi alipokufa, michikichi yake ya kule kijijini iligawanywa mama hayupo, na mama mdogo akampelekea salamu kwamba aliyeolewa Ujiji ameshakuwa mtu wa Ujiji, atafuteni michikichi ya hukohuko. Neno hilo lilimkaa mama kifuani. Alikuwa anauza mawese ya watu wengine sokoni na kila debe lililotoka Kagunga alilinusa kwanza ndipo akapima. Sasa mama mdogo akapiga simu kwa mara ya kwanza: anakuja Alhamisi, na boti ya asubuhi.

Mama alilia aliposikia. Mimi nikaanza kupanga.

Kwa mgeni huyu niliona hata dawa ya alfajiri si ya kumpa. Boti ingefika bandari ya Kibirizi saa tano hivi, bajaji mpaka Ujiji nusu saa, kwa hiyo saa sita hawa wawili wangekuwa wameshikana mikono. Ningempa dawa wakishamaliza. Alhamisi alfajiri mama aliponiona naingia na beseni la maji bila lile bomba, aliangalia mikono yangu, halafu akaangalia ukuta.

"Leo unatakiwa uwe mzima kabisa, mama," nikamwambia. "Ni mara moja."

"Haya, mwalimu."

Ziwa lilichafuka siku ile. Mtu wa Kibirizi aliniambia kwa simu kwamba boti za juu zimejibanza mahali zikisubiri upepo utulie, na simu ya mama mdogo haikupatikana. Saa tano ikapita. Saa sita, saa saba. Kila nilipoitazama saa ya ukutani nilisema, sasa hivi watafika, nikimpa sasa atasinzia palepale dada yake anapoingia. Saa nane nilisema hivyo. Saa tisa nilisema hivyo. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, jasho linamtoka juu ya mdomo, pumzi zinakatikakatika. Nilimfuta jasho. Alikuwa hatazami kitu chochote. Nilimsomea Yasini ili apate nguvu, nikamaliza, nikaanza tena.

Saa kumi kasoro mama mdogo akaingia, kanga imelowa maji ya ziwa mpaka kiunoni. Hata shikamoo yangu hakuitikia. Alipiga magoti pembeni ya godoro akasema kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linateremka. Mama akainua mkono. Wakaanza kusema, na Kiha chao kilikuwa cha haraka, cha watoto wa nyumba moja. Mimi baba yangu hakuwa Muha, lugha ile naifahamu nikisemeshwa polepole tu. Niliwaacha. Nilisimama mlangoni na sinia la chai, nikiwaona wanalia na kushikana nyuso, na nikajiambia kwamba nimeweza. Nilijiona nimefanya jambo kubwa la kiutu.

Baadaye mama alisema kitu kwa sauti ndogo. Mama mdogo akainamisha sikio, akauliza, akajibiwa. Akanyanyuka, akanipita mlangoni, akanishika kiwiko na kunivuta mpaka uani karibu na majiko.

"Dawa imekwisha?" akaniuliza.

"Dawa gani, mama mdogo?"

"Ya mama yako. Imekwisha?"

"Haijaisha. Ipo kabatini."

Alinitazama, na naona alikuwa anatafuta namna ya kulisema ambayo haitanivunjia heshima. Hakuipata.

"Dada yangu amenisamehe," akasema. "Neno la kwanza baada ya kunisamehe, amesema, nenda kaniombee dawa kwa mwanangu. Amesema, mimi mwenyewe naogopa kumwomba mwanangu. Nikimwomba nitamwaibisha mbele za watu, na amejitahidi sana. Nimemuuliza, tangu lini unaumwa hivi? Amenionesha vidole hivi, vyote. Amesema, tangu turudi hospitali, kila mchana."

Sikumbuki nilivyofika kabatini. Nakumbuka nimepima haraka mpaka dawa nyingine ikamwagika kwenye shuka. Mama alifungua mdomo kabla sijamwambia, upesi, kama kinda. Nilimpa, na mama mdogo akashika miguu ya dada yake akaanza kuikanda.

Asubuhi nilimpigia nesi, na haikuwa Jumatano. Akaja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikiutazama msumari alikotundika helmeti, na nilitaka anifokee. Ningefokewa vizuri siku ile ningemshukuru. Hakufoka. Aliuliza ni dozi zipi, na kwa wiki ngapi, akaandika.

"Ulikuwa unampa, unaacha, unampa, unaacha," akasema mwishowe. "Mwili haukupata nafasi ya kuzoea. Kwa hiyo kila ulipompa mchana ilikuwa kama siku ya kwanza tena, lazima alale. Ungempa mfululizo, siku ya tatu au ya nne angekuwa macho."

"Na wageni?"

"Angekaa na wageni wake. Macho, na bila maumivu. Ndiyo kazi ya hii dawa, mwalimu."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Wiki tano nilidhani ninachagua kati ya vitu viwili, heshima ya mama au nafuu yake, na nikachagua kwa niaba yake. Kumbe hapakuwa na cha kuchagua. Vyote viwili vilikuwa ndani ya chupa ileile, na karatasi ilikuwa ukutani, kwa mwandiko ambao hata mtoto wa darasa la pili angeusoma.

Ikawa kama alivyosema. Mama alilala siku mbili. Wageni waliokuja mama mdogo aliwarudisha mlangoni bila ratiba wala daftari: "Amelala, njooni Jumatatu." Siku ya tatu alasiri mama aliamka, akaomba ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mgebuka. Alikula matonge mawili, akasema mgebuka umezidi chumvi, akamuuliza mdogo wake kama kule Kagunga siku hizi wanapikia maji ya bahari. Uso wake ulikuwa umerudi. Sikuwa nimejua kwamba ulikuwa umekwenda. Niliushika kwa macho nikagundua kwamba ule niliokuwa nikiwaonesha wageni, ukiwa na kilemba na mafuta, ulikuwa uso wa mtu aliyeuma meno.

Tulipata siku nane za namna hiyo. Alisukwa nywele. Alimpigia kaka simu mwenyewe akamwambia aache maneno mengi apande ndege. Alisimulia jinsi walivyokuwa wakikanyaga chikichi kwa miguu kukamua mawese wakiwa wasichana, na mambo ya baba ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na mama mdogo akaziba masikio yangu kwa mikono miwili. Nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu nilianza kuhesabu siku thelathini na kitu ambazo zingekuwa hivi.

Kila siku nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga kama mtu anayejiandaa kwa usaili. Nikiingia nakuta anacheka na mdogo wake, nasema nisimharibie. Nikikuta amelala, nasema nisimwamshe. Mwoga hakosi ratiba.

Ijumaa ya pili mama mdogo alikwenda kuoga. Tulibaki wawili. Nilikuwa nakunja kanga zake zilizokauka.

"Mwalimu."

"Abee, mama."

"Kaa hapa." Nikakaa. Akachukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo lake, chini ya mkono wake. "Watu wote wamekuja hapa tumeombana radhi. Mpaka yule mzee mkorofi. Umebaki wewe."

Nikajua amenifungulia mlango, kilichobaki ni kuingia. Nikavuta pumzi.

"Mimi nilikukosea," mama akasema. "Ulikuwa unahangaika na mimi, na wageni, na shule yako. Halafu nikaenda kukusemea kwa mama yako mdogo kwa ajili ya dawa, mtu aliyetoka safari, hata nguo hajabadilisha. Nilikuvunjia heshima. Ningevumilia kidogo tu angeondoka. Naomba unisamehe, mwanangu."

Alikuwa ananitazama kwa ile hofu. Niliiona wazi sasa, ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa siku zote nilizokuwa nikiipita. Mama yangu mzazi alikuwa ananisubiri nimjibu kama mtoto anayesubiri daftari lake lirudishwe. Nikafungua mdomo. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa pale, na yaliyotoka ni yale niliyoyasikia yakisemwa chumbani mle kila mchana kwa wiki tano.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akafumba macho akiwa ameridhika. Nikaendelea kukunja kanga. Jumatatu yake alfajiri alifariki, bila maumivu, mkono wake ndani ya mkono wa mdogo wake. Nilikuwa nimemsamehe. Mimi sikuomba.